Barafu ya Baba

Wateja walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Alikuwa fundi cherehani, na alirudi kuishi kwa wazazi wake pale baba alipoanza kupotea njia ya kutoka chooni kwenda chumbani. Mama bado alikuwa na akili zake timamu, ila kisukari kilikuwa kimemganda miaka na mikaka, na mguu wake wa kushoto ulishaanza kufa ganzi.

Wazee wale walikuwa wamechoka kula. Chakula walikisukuma huku na huku sahanini mpaka kikapoa. Joto la msimu ule lilikuwa la kukaanga watu, na ndipo Sindano akapata wazo. Alisaga embe na papai, akachanganya na mtindi mtupu, akamimina kwenye vikombe vidogo vya plastiki, akachomeka kijiti katika kila kimoja na kuvigandisha. Sukari hakutia hata chembe. Nesi alimwambia kikombe kimoja kidogo kwa siku hakitamdhuru mama, mradi asipitilize.

Mchana kutwa alikuwa kibandani kwake akishona, kwa hiyo kazi ya kugawa alimwachia mama. Jioni ya kwanza alikuta vikombe vitupu kwenye sinki. Mama akamwambia baba amekula mpaka akalamba kijiti. Sindano, ambaye kwa muda mrefu hakuwa ameona jambo lake likimfurahisha mtu katika nyumba ile, aliviosha vikombe huku akiimba.

Basi akazama humo mzima mzima. Ndizi mbivu, nanasi, tikiti. Blenda ilinguruma mpaka jirani akamtania kwamba amefungua kiwanda. Hata hivyo baba alizidi kukonda. Mashavu yalibonyea, suruali ikawa ya kufungwa kwa kamba. Sindano akaona dawa ni kumwongezea. Akamtengenezea baba vikombe vikubwa, ndizi tele, kimoja cha asubuhi na kimoja cha alasiri, na hivyo navyo vikawa vinarudi vitupu. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa akiuguza wazazi kwa simu, alimsifu sana.

Mama naye akaanza kunywa maji kama mchanga. Akawa analala mchana, anaamka amechoka. Alipoulizwa, alisema ni joto na uzee.

Siku moja Sindano alirudi nyumbani mchana kufuata mkasi aliousahau. Alimkuta baba kitini, mikono ameificha kwapani. Mama alikuwa mbele yake na kile kikombe kikubwa, anakula upesi upesi bila kuonja, kama mtu anayemeza dawa chungu. Kikombe chake kidogo kilikuwa pembeni, kitupu.

Sindano alivuta kigoda, akaketi. "Mama, hicho ni cha nani?"

Mama alikiweka chini taratibu, na maneno yakamtoka moja moja. Kumbe baba hakuwahi kukila hata siku ya kwanza. Baridi ilipomgusa meno alilia kwamba anaunguzwa, na tangu hapo akiona kijiti tu, hukimbia kujibanza nyuma ya mlango.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba," mama alisema. "Tangu urudi sikuwa nimekusikia ukiimba. Nikajua nikisema utanyamaza tena."

"Si ungemwaga tu, mama."

"Kitu ulichokitengeneza kwa mkono wako, nikimwage?"

Sindano aliinamisha uso, na hapo akaona soksi ya mama imelowa kisiginoni. Alipoivua, harufu iliwahi kabla ya macho. Mama mwenyewe hakuwa na habari kwamba ana kidonda.

Hospitalini walikuta sukari imepanda kupita kiasi. Daktari hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba matunda nayo yana sukari yake, na kwamba kidonda kimechelewa. Mguu ulikatwa chini ya goti. Kaka alipiga simu kumwambia Sindano asijilaumu, kwa sauti ya mtu ambaye keshamlaumu.

Siku hizi cherehani iko sebuleni. Baba hulishwa uji wa vuguvugu kwa kijiko, na mwili umeanza kumrudia kidogo. Kwamba mkewe amekatwa mguu ameambiwa mara nyingi, na kila mara hulia upya, mpaka wakaacha kumwambia.

Asubuhi huvaa viatu, akasimama mlangoni mwa chumba, akamwita mkewe aamke watoke kidogo.

"Nakuja," mama humjibu kutoka kitandani. "Wewe tangulia."

Naye hutangulia mpaka sebuleni, akasahau alikokuwa anakwenda, akaketi. Sindano hamtazami. Huinamia kitambaa chake, akaendelea kushona.