Niwekee Nijisikie

Kompyuta iligoma siku ambayo haikupaswa kugoma. Ingegoma mwezi wa tatu au wa nne nisingejali, maana hakuna aliyekuwa akiigusa. Ilikaa kwenye kona ya sebule yetu hapa Njombe, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na sisi tukipita mbele yake kama watu wanaopita nyumba ya jirani waliyegombana naye. Lakini asubuhi ile ya Juni mke wangu Lightness alitoka jikoni, kisu cha kumenyea viazi bado mkononi, akasimama mlangoni akasema kwa ile sauti yake mpya ya kukwaruza:

"Baba Peace, niwekee ule wimbo. Niwekee nijisikie."

Nilikuwa nimeusubiri huo mdomo ufunguke tangu mwezi wa pili.

Lightness alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya yetu ya Kilutheri, na mimi ndiye mwalimu wa kwaya. Sitasifia kwa sababu ni mke wangu. Watu walitoka Kifanya kwa miguu kuja kumsikia. Alikuwa na sauti nyembamba, safi, na alikuwa na tabia ya kuipandisha kidogo mwishoni mwa neno, hata akikuita uje kula. Kisha rovu likaanza kumvimba shingoni. Daktari alisema litolewe, na akasema wazi kwamba sauti inaweza kuguswa. Jioni ya kuamkia safari ya hospitali nilimkalisha mbele ya kipaza sauti pale sebuleni, akaimba wimbo mmoja niliomtungia mimi mwenyewe, nikaurekodi kwenye kompyuta. Kesho yake tukaondoka. Aliporudi, rovu lilikuwa limetoka salama, na sauti ilikuwa imekwenda nalo. Iliyobaki ni mkwaruzo unaosikika ukikaa naye karibu. Kwa simu ndiyo kabisa, unasikia pumzi tu.

Wimbo ule haupo popote pengine. Upo ndani ya kompyuta ile, basi.

Nikaondoa kitambaa. Nikachomeka waya kwenye soketi, nikabonyeza kitufe cha mbele. Kimya. Nikabonyeza tena. Hakuna taa, hakuna feni. Lightness alikuwa ameshakaa kwenye kochi, mikono mapajani, anasubiri.

"Inachelewa kidogo," nikasema. "Ni baridi hii."

Mimi si mtu wa subira, na watu wa duka langu la vipuri vya pikipiki wanalijua hilo. Nilibadilisha soketi. Nikaenda kuazima waya wa kompyuta ya jirani yetu Mwalimu Filbert, naye akanifuata na maswali: imeanza lini, ilitoa moshi, niliifanya nini. Nikamjibu vibaya. Nikabonyeza kitufe hadi kidole kikauma. Nikalipiga lile sanduku kofi la ubavuni, na hapo Lightness akainuka akarudi jikoni. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Radi," Filbert akasema, akikuna kidevu. "Unakumbuka ile ya Machi? Iliyopiga nguzo pale chini? Televisheni yangu ilikufa siku ileile."

Nilikumbuka. Nilikuwa dukani siku hiyo, mvua ikinyesha kama imetumwa, na nyumbani alikuwepo Lightness kitandani na mama yake, Mama Consolata, aliyekuja kutoka Mawengi kumuuguza. Nilijiona mjinga. Miezi yote ile nilikuwa nikilinda sanduku lenye maiti ndani.

Sikumwambia Lightness. Nilisema naipeleka Makambako kupanguswa vumbi. Akaniangalia, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye viazi vyake. Anajua nikidanganya. Ndiyo maana nilitoka haraka.

Nilipata nafasi kwenye kabini ya fuso, lori lililobeba mbao. Dereva alikuwa mcheshi na mimi sikuwa na muda wa ucheshi. Nililipakata lile sanduku, mafundi wanaliita sipiyu, nimelizungushia blanketi, na kila fuso lilipoingia shimoni nilimwambia aende polepole, na kila lilipopunguza mwendo nilimwambia aongeze.

"Kaka, chagua moja," akasema.

Ukungu ulituacha njiani, upepo wa Makambako ukatupokea na vumbi lake. Fundi Vestina ana kibanda karibu na stendi. Ndiye aliyeniuzia ile kompyuta, ana ulimi mkali, na anafanya kazi akiwa amevaa koti mwaka mzima.

"Kamwene, mwalimu," akanisalimu. "Umeleta mtoto mchanga?"

"Kamwene. Dada, radi imeniulia kompyuta. Toa kitu cha ndani, kile kinachotunza kazi, uniokolee wimbo mmoja tu. Mengine sitaki."

"Nani kakwambia ni radi?"

"Haiwaki."

"Hata wewe ukilala huwaki." Akafungua kifuniko cha ubavuni kwa bisibisi, akainamisha pua ndani akavuta harufu, kama mtu anayeonja mchuzi. "Haina harufu ya kuungua. Ina buibui tu. Ngoja niichomeke."

Akaichomeka, na pale pale umeme wa mtaa mzima ukakatika. Mashine ya kunyoa kwenye saluni ya jirani ikanyamaza, mtu akasonya. Kisha majenereta yakaanza kunguruma huku na kule, ila la Vestina lilikuwa kwa fundi mwenzake.

Nikatoka nje. Nikarudi ndani. Nikamuuliza umeme hukatika kwa muda gani, akasema muulize anayeukata. Nikasimama juu ya kichwa chake wakati anapangusa vumbi kwa brashi hadi akaniambia nikae au nikanywe chai. Sikukaa na sikunywa chai. Nilikuwa namwona Lightness kwenye kochi, mikono mapajani. Miezi yote ile hakuomba chochote. Siku ameomba, ndiyo nimwambie kwamba na sauti ile iliyobaki imeungua?

"Nani aliigusa mara ya mwisho?" Vestina akauliza.

"Hakuna. Ilifunikwa tu."

"Mwalimu, mashine haifi kwa kufunikwa. Siku ya hiyo radi nyumbani alikuwepo nani?"

"Mke wangu, mgonjwa. Na mama mkwe."

"Muulize mama mkwe."

Nilimwangalia kama amenitukana. "Mkwe? Nimuulizeje mkwe?"

Akacheka, maana naye ni wa hukohuko kwetu na anazijua mila zetu. Mama Consolata ni mtu wa kizazi kile ambacho mkwe ni mkwe. Tangu nimuoe binti yake hatujawahi kutazamana usoni. Alipokuwa kwangu, nikiingia sebuleni yeye anatokea mlango wa jikoni. Akiwa na la kuniambia, anamnong'oneza Lightness, Lightness ananiambia. Hata akisali, mimi nikiwa chumba cha pili, anashusha sauti. Chakula alinipikia, nguo zangu alizianua mvua ilipokuja, lakini ungeniuliza sauti yake ikoje, nisingekuwa na la kujibu. Na namba yake sina. Nitakuwa nayo ya nini?

"Basi muulize kupitia njia yenu," Vestina akasema.

Nikampigia Lightness. Majenereta yakinguruma, kidole sikioni, nikapiga kelele: "Siku ile ya radi, mama aliigusa kompyuta?"

Pumzi. Mkwaruzo. Nikashika neno moja moja. Mama alisema kitu siku ile. Alimwambia anifikishie. Yeye Lightness alikuwa amegeukia ukutani, hakutaka kusikia habari za kompyuta wala za wimbo, akaliacha lipite.

"Alisema nini?"

Mkwaruzo tena, mrefu. Nikasema sisikii. Akarudia. Nikasema, kwa ukali, sisikii! Akakata.

Hapo nilijichukia. Nilimfokea kwa kukosa kitu kilekile nilichokuja kumtafutia. Nilikaa kwenye kiroba cha makopo ya rangi pale mlangoni, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuwa na pa kwenda.

Simu ikaita. Namba ngeni. Nikaipokea kwa hasira.

"Baba Peace."

Niliruka juu. Kile kiroba kikaanguka, makopo yakabingirika hadi barabarani. Sauti ilikuwa nyembamba, safi, imepanda kidogo mwishoni mwa neno.

"Lightness!" nikapiga kelele. "Lightness, imerudi! Sema tena! Imerudi lini?"

Vestina aliacha brashi akaja mlangoni.

"Ni mimi, baba," sauti ikasema. "Mama yake. Unisamehe nimekupigia mwenyewe. Lightness kaniandikia ujumbe na namba yako, anasema maneno yangu ya siku ile hayakumbuki vizuri na kwa simu humsikii, nikaona tutafanyaje."

Niliziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalinitoka pale stendi, mbele ya makondakta na wauza karanga, na sikuona aibu. Ilikuwa sauti ya mke wangu. Ilikuwa na umri zaidi, imekauka kidogo pembeni, lakini ni ileile. Ilikuwa nyumbani kwangu wiki nyingi, inapika, inanong'ona, inatokea mlango wa jikoni kila ninapoingia, kwa heshima yangu.

"Baba? Unanisikia?"

"Nakusikia, mama. Nakusikia sana."

"Siku ile radi ilikuwa inapiga vibaya. Kwetu radi ikianza tunafunika vioo na kuzima kila kitu. Nikafunika kioo cha kabati. Ile mashine nikachomoa waya. Halafu nikaona nyuma yake, karibu na pale waya unapoingia, kuna kidude cheusi cha kubonyeza, nacho nikakizima. Lightness alikuwa amesema sauti yake imo humo. Niliogopa. Nikamwambia akwambie ukibonyeze kwanza ukitaka kuwasha."

"Kidude cheusi," nikarudia kama mtoto anayefundishwa.

Vestina alishageuza sipiyu. Nikasikia kidole chake nyuma yangu: tak. Akabetua midomo, akanyoosha macho juu. Miaka yote nimekuwa na kompyuta ile na sikuwahi kujua kwamba kile kidude kinazimika. Nilidhani ni sehemu ya bati.

"Mama," nikasema, "hebu rudia."

"Nirudie lipi?"

"Lote."

Akarudia, polepole, akidhani sikuelewa. Sikumsahihisha.

Umeme uliporudi, kinyozi wa jirani akashangilia. Vestina akabonyeza kitufe cha mbele, taa ya bluu ikawaka, feni ikaanza kuvuma na kurusha buibui. Alikataa malipo, alisema hawezi kulipwa kwa kubonyeza. Ila aliutoa wimbo akauweka kwenye flashi mbili na kwenye simu yangu, akanitishia kwamba nikija tena bila nakala atanifukuza. Nilitaka kuusikiliza pale pale. Nikajizuia. Haukuwa wangu kuanza kuusikia.

Jua lilikuwa bado lipo nilipofika Njombe. Lightness alikuwa mlangoni, khanga mabegani. Nilimwomba radhi kwa kumfokea kabla sijatua mzigo, akasema nitue kwanza. Nikaunganisha nyaya zote, nikawasha, nikamwekea.

Alisikiliza akiwa amesimama, mkono shingoni, juu ya kovu. Ubeti wa kwanza ukaisha. Kiitikio kikaingia. Nilikuwa namtazama yeye, si kioo, na nilikuwa naogopa. Katikati ya ubeti wa pili alinyoosha mkono akausimamisha.

"Huyu ni mama," akasema.

"Ni wewe."

"Najua ni mimi. Lakini ni mama. Kumbe naimba kwa sauti ya mama? Mbona hamkuniambia?"

"Mimi nilikuwa sijawahi kumsikia," nikasema. "Hadi leo."

Nikamsimulia, hadi makopo ya rangi. Alikaa kwenye kochi. Alilia kwanza, kwa muda mrefu, kilio kisicho na sauti ambacho ndicho pekee alicho nacho sasa, nami nikamshika bila kumharakisha. Kisha akajifuta na ncha ya khanga.

"Mwambie aje," akasema. "Aje akae hapa aongee. Nataka niwe nasikia."

"Nimwambie mimi? Mkwe?"

"Kwani mimi atanisikia?"

Nikachukua simu. Namba ilikuwa palepale juu, haina jina. Nikaandika jina kwanza: Mama. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje ili Lightness asikie, na ilipopokelewa nikasimama wima kama kijana aliyekuja kuposa.

"Mama, imewaka," nikasema. "Na tunakuomba uje. Uje ukae. Ila mama, nikiingia sebuleni, usitoke."

Nilisikia kuku wa Mawengi, nilisikia mtu akikohoa mbali. Nikajua nimevuka mpaka, na kama amekasirika ana haki.

"Nitakuja, baba," akasema mwishowe. "Lakini radi ikipiga, nitazima."

Lightness alicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa mkwaruzo mtupu, kama mlango usiotiwa mafuta, na sikuwa nimekisikia tangu hospitali.

"Zima tu, mama," nikasema. "Nitakuwepo, utaniambia mwenyewe."