Imeonjwa na Hajra

Nasema mapema ili mtu asije akanihurumia: muhuri nilikuwa nao mimi, na mkono uliougonga ulikuwa wangu. Lakini aliyeutuma mkono ule alijificha nyuma ya saumu yangu, na hilo sijamsamehe mpaka leo.

Kazi yangu ni kuonja chokoleti. Zamani nilikuwa nikikaanga kahawa na kupika kashata, na Bagamoyo nzima ilijua kwamba pua ya Hajra binti Salumu haidanganyiki. Miaka saba iliyopita Bi Ibtisam, jirani wa mtaa wa pili ambaye babu zake walitoka Omani, alinifuata jikoni kwangu na punje ya kakao iliyokaangwa. Akaniuliza naonja nini. Nikamwambia naonja moshi, naonja ukwaju, na mwisho kabisa kitu kama udongo baada ya mvua. Akacheka, akasema nianze kazi Jumamosi.

Bi Ibtisam si mtu wa maneno mengi, ila kwa kakao ana hotuba. Mti wenyewe si wa kwetu, husema, umetoka ng'ambo ya mbali, Amerika, na wenyewe wa kule waliinywa chungu kama sisi tunavyokunywa kahawa barazani. Sukari ilifuata baadaye, na nyuma ya sukari wakafuata watumwa wa kulima vyote viwili. "Mji huu umeuza watu, Hajra," aliniambia siku moja, "na wazee wangu hawakuwa mbali na soko hilo. Mimi sitauza kitu kilichotoka kwa mtu aliyedhulumiwa." Akaenda mwenyewe hadi milima ya Muheza, akapatana na mkulima mmoja aitwaye Mikidadi na wenzake. Wao wataifunika kakao kwa majani ya mgomba siku sita ichachuke vizuri, na watoto wao watakuwa shuleni wakati wa kuvuna. Yeye atachukua kila gunia kwa bei waliyokubaliana, mwaka uwe mzuri, uwe mbaya. Magunia yalikuja na basi hadi Msata, nasi tukiyafuata pale.

Na alikataa katakata kuiita chokoleti dawa. Wateja walimbembeleza aandike japo neno moja kuhusu moyo. Akajibu kwamba kakao ina faida zake, lakini humu ndani mna sukari pia, na mwenye presha ameze vidonge vyake.

Kwenye karatasi ya kila chokoleti paliandikwa jina la Mikidadi na la kijiji chake, na chini yake nikagonga muhuri wa mpira: Imeonjwa na Hajra. Mimi niliuhesabu kuwa ni kiapo. Muhuri ule ulilala kwenye kasha langu la nyuzi, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

Mwaka huu, Shaabani ikiishia, Bi Ibtisam alikwenda Maskati kufanyiwa operesheni ya jicho, akamwachia mwanawe Muataz kiwanda. Kiwanda nasema, lakini ni vyumba vitatu, ua mmoja na watu watano. Muataz ni kijana wa adabu. Kila asubuhi alinipa shikamoo yangu, akaniuliza mgongo umeamkaje. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kikiniamkia.

Siku mbili kabla ya mwezi kuandama alituita uani. Alisema si uungwana kuwasimamisha watu waliofunga mbele ya moto. Ramadhani hii kakao ya kina Mikidadi itakaangwa na kusagwa Dar es Salaam, ije vipande vipande, sisi tuyeyushe tu, tumimine kwenye kalibu na kufunga. Kisha akanigeukia mimi. Miaka yote katika Ramadhani nilionja kwa ncha ya ulimi na kutema, kama mpishi yeyote anavyoonja chumvi ya futari, na mashehe hawana neno na hilo.

"Bi Hajra," akasema kwa upole, "usiitie saumu yako mashakani kwa ajili ya biashara yetu. Wewe gonga muhuri tu. Kakao ni ileile."

Nikamwombea dua. Wallahi nilimwombea dua mbele za watu, na wenzangu wakaitikia amina.

Pua yangu iliniambia. Siku ya kwanza tulipoyeyusha, vanila ilitangulia mbele kwa kishindo, na nyuma yake hapakuwa na kitu, kama mtu aliyejifukiza udi bila kuoga. Nikaibishia pua, nikasema ni njaa. Ningeweza kubeba kipande nikakionje nyumbani baada ya kufuturu; hapana sharia iliyonizuia. Sikubeba. Baada ya futari kuna tarawehe, baada ya tarawehe kuna usingizi, na kuna raha fulani ya kuambiwa na tajiri wako kwamba saumu yako ina thamani kuliko kazi yake. Nikagonga muhuri siku ishirini na moja.

Wiki ya pili kikaja kibandiko kipya chenye picha ya moyo: Hulinda moyo, hushusha presha. Nilimwambia Muataz kwamba mama yake hapendi mambo hayo. Akasema wataalamu wameandika, na mama akirudi ataelewa. Nami, mwanamke ninayejulikana kwa kelele, nikanyamaza.

Siku ya ishirini na moja ndipo alipokuja Sihaba. Sihaba ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, ana shamba la mihogo Makurunge. Alirudi kutoka huko alasiri kwa bodaboda, jua linachoma, akapitia kwangu kuniachia mihogo ya futari. Alipokuwa akitafuta ufunguo mkobani, akatoa chokoleti yetu na kuiweka kibarazani. Ilikuwa imezunguka naye tangu asubuhi. Nikaishika. Ilikuwa ngumu kama kipande cha sabuni.

Asiyewahi kutengeneza chokoleti hataelewa kwa nini niliigeuzageuza mkononi. Siagi ya kakao huyeyuka kwa joto la mkono. Hiyo ndiyo tabia yake. Yetu ilikuwa haifiki sokoni na kurudi bila kulegea. Chokoleti iliyoshinda juani Makurunge na kurudi imara haina siagi ya kakao. Ina mafuta ya kugandishwa, unga kidogo wa kakao wa kuitia rangi, na sukari tele.

Nilimuuliza Sihaba anaila ya nini. Akajibu kwa furaha kwamba anafuturu nayo kila siku, ya presha. Vidonge vilikuwa vinamchosha na saumu, akaviacha tangu alipoona kibandiko cha moyo.

"Si umeionja wewe, shoga yangu?" akasema. "Ningemwamini nani mwingine?"

Nilimkokota hadi zahanati saa ileile. Mwuguzi akampima mkono mmoja, akampima wa pili, akaenda kumwita daktari. Daktari akamwamuru afungue saumu na ameze vidonge palepale. Sihaba akalia, si kwa kuogopa ugonjwa, bali kwa siku yake iliyoharibika na magharibi imebakiza saa moja na nusu. Mimi nilisimama pembeni nimeshika mkoba wake.

Tulipotoka pale nikampigia Mikidadi. Akaniambia ana magunia kumi na manane yamelala ghalani tangu Shaabani. Aliambiwa Bagamoyo mwaka huu hawahitaji, na wachuuzi walipojua hana pa kuyapeleka wakamtajia bei ya kumkejeli.

"Nilidhani unajua, Bi Hajra," akasema. "Jina lako bado liko kwenye karatasi. Na langu pia."

Hasira zangu nazijua, ni za kupiga kelele na kwisha. Hii haikuwa na sauti. Mwizi wa kawaida hungoja ulale, akachukua sufuria. Huyu alichukua kufunga kwangu, kitu nilichomfanyia Mungu na si binadamu, akakifanya pazia. Katika mwaka mzima kuna mwezi mmoja tu ambao kiwanda chote kimefunga vinywa mchana, naye akauchagua huo.

Siku mbili zilizofuata nilituma salamu kwamba namuuguza Sihaba, na ndivyo ilivyokuwa. Siku ya ishirini na tatu Muataz alikuwa amewaalika kufuturu wenye maduka wanne kutoka Dar es Salaam. Bi Ibtisam alikuwa amerudi jana yake, jicho moja bado limefungwa bandeji. Desturi ya nyumba ile ni kwamba wageni wakija mimi huvunja kipande, nikaonja, nikasema imeiva, ndipo wengine wanakula. Muataz aliniomba nifanye hivyo baada ya tende. Nikamwambia vyema, mwanangu.

Adhana ikatoka, tukafungua kwa tende na maji, watu wakasali, wakarudi mkekani. Muataz akazungumza habari za wakulima, za haki na za afya ya moyo, kisha akanipa nafasi. Nikapita na sahani mbili. Katika mkono wa kulia wa kila mmoja niliweka kipande cha Shaabani, nilichokuwa nimekitunza nyumbani. Katika wa kushoto, kipande cha mwezi huu. Nikawaomba wafumbe mikono yote miwili, wanisubiri nimalize uji wangu. Walidhani ni mchezo, wakafumba huku wakicheka. Bi Ibtisam naye akafumba. Muataz alikataa vipande, akasema ameshiba.

Uji ulikuwa wa pilipili manga, wa moto, nami nikaunywa taratibu. Kisha nikawaambia wafumbue.

Viganja vya kulia vilikuwa vimechafuka kahawia hadi kwenye vidole. Vya kushoto vilikuwa visafi, na kila kipande bado kina pembe zake.

"Mkono uliochafuka umeshika kakao ya Mikidadi," nikasema. "Huo msafi umeshika mafuta na sukari. Nimeigongea muhuri siku ishirini na moja na sikuionja hata siku moja. Shahidi wa uongo ni mimi. Aliyenituma ni huyu aliyeshiba."

Muataz akasema, kwa upole uleule, kwamba nimeivunjia nyumba heshima mbele ya wageni, tena katika mwezi mtukufu. Nikamjibu kwamba utukufu wa mwezi ameukumbuka kwa kuchelewa.

Bi Ibtisam alikuwa akikitazama kiganja chake cha kushoto kwa lile jicho moja. Hakumtazama mwanawe alipomuuliza, "Mikidadi ulimwambia nini?"

Muataz akainama, akaanza kuokota kokwa za tende mkekani.

Watu husema mambo yaliisha vizuri. Magunia kumi na manane yalishushwa Msata kabla ya Idi, Bi Ibtisam akayapokea mwenyewe na bandeji yake, na vibandiko vya moyo vikachomwa moto uani. Muataz yuko Dar es Salaam, anauza vitu vingine, na nasikia bado anaamkia watu vizuri. Mimi nilibaki na deni. Mwanamke akikosa siku za Ramadhani huzilipa baada ya Idi, na nilikuwa na siku ishirini na moja ambazo hazilipiki kwa kufunga. Basi Mfungo Mosi, mwezi wote uliofuata Ramadhani, nilipita duka kwa duka, nyumba kwa nyumba, kuanzia sokoni hadi Mbegani, nikiomba chokoleti zirudi na kueleza kwa nini. Wapo walionicheka, wapo walionitukana, na wengi walikuwa wameshakula.

Sihaba anasema amenisamehe. Anameza vidonge vyake na presha imetulia. Kwa miaka ishirini tumekuwa tukipelekeana vyakula juu ya ule ukuta, na hatujawahi kuulizana kilichomo. Juzi nilimpelekea bakuli la mchuzi wa pweza. Akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaliweka kibarazani, akanitazama bila ubaya wowote.

"Umeuonja?" akaniuliza.

Nikachukua kijiko, nikaonja mbele yake.