Mpaka Maji Yanapofika

Jumamosi alasiri binti alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya chakula, akifuta sakafu kuzunguka kiti cha mama yake. Alikamua tambara kwenye ndoo, akafuta tena, kisha akaacha, kwa sababu maji yalikuwa bado yanajaa na hapakuwa na faida ya kushindana nayo. Mama aliinua miguu kidogo kumpisha, mikono ikiendelea kumenya viazi.

"Yamefika wapi?" aliuliza mdogo wa binti huyo, kijana wa kiume aliyekuwa amejiinamia juu ya ramani ya kisiwa upande wa pili wa meza.

"Karibu na kifundo."

"Karibu au kwenye kifundo?"

"Subiri basi."

Walisubiri. Maji yalipanda kutoka katikati ya vigae, mahali pasipo na ufa wala bomba, yakiwa maangavu na vuguvugu, yakafunika vifundo vya miguu ya mama, yakatulia hapo. Hayakusambaa chumba kizima. Yalimzunguka yeye na kiti chake kama beseni lisilo na ukingo.

"Sasa," alisema binti.

Mdogo wake akatazama saa ya ukutani, akaandika pembeni mwa ramani. Bandarini mjini maji yalikuwa yamejaa zamani na sasa yalikuwa yanapwa. Upande wa nyuma wa kisiwa huchelewa, na kuchelewa kwake ndiko walikokuwa wakikupima.

Mama alikuwa na maji hayo tangu utotoni. Alishona sare za shule maisha yake yote ya kazi, na pedali ya cherehani ililiwa na chumvi mara nyingi hata muuza vipuri akazoea kumwita mama mkwe. Walipokuwa wamepanga ghorofani, jirani wa chini alipanda kulalamika kwamba dari lake linavuja na pasi yake imeota kutu, wakahamia nyumba ya chini. Pengine kulikuja dagaa mmoja au wawili, paka akawashughulikia. Siku ya harusi ya binti, maji yalijaa katikati ya hotuba, na wageni wa meza ya mbele wakapandisha magauni yao wakaendelea kusikiliza.

Sababu yake ilijulikana. Nyuma ya kisiwa palikuwa na ghuba, na ghubani palikuwa na watu. Siku moja watu hao waliambiwa watoke kwa wiki mbili tu, kisima kisafishwe. Maboti yalikuja kuwachukua wakati wa bamvua kubwa, bahari ilipokuwa imepanda mpaka kwenye milango. Mama, wakati huo msichana mdogo ambaye mama yake mzazi alikuwa amezikwa hapo mwaka uliotangulia, alipanda wa mwisho. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha nyumba yao, maji yakiwa kifundoni, hataki kutoka. Walimbeba. Yeye alitoka, maji yale hayakumtoka.

Kisima hakijatangazwa kuwa safi mpaka leo. Ghubani sasa kuna gati la watu binafsi, vyumba vya wageni na kibao kilichoandikwa: ENEO HILI HALIJAWAHI KUKALIWA. Mara tatu mama alikwenda kwa njia ya barabara, na mara zote tatu mlinzi wa getini alimsomea kibao hicho kwa heshima, akamwonyesha mahali pa kugeuzia gari.

Aliyeleta wazo la kwenda kwa bahari ni binti. Alikuwa mwalimu wa udereva, na aliposomea leseni ya boti alikuta sheria moja iliyomkaa kichwani: bahari ni ya wote, mpaka maji yanapofika. Mtu aliyesimama majini hafukuzwi. Bamvua kubwa la mwaka lilikuwa linakuja, na siku hiyo maji yangefika kizingitini.

Boti walikuwa nayo. Mdogo wake, fundi friji, aliikuta imepinduliwa nyuma ya ghala la barafu alikokwenda kutengeneza mashine, na mwenye ghala akamwambia aichukue amwondolee kero. Ilikuwa ndogo, yenye mlingoti mmoja, injini kuukuu na kijichumba cha watu watatu wasiokoroma. Ndugu hao wawili waliiziba, wakaipaka rangi, na kwa miaka kadhaa walikuwa wakiitembeza bandarini siku za mapumziko. Binti alishika usukani kwa mikono miwili, mgongo wima, kama mtu anayekaguliwa. Kuzunguka kisiwa kizima, safari ya siku nne, hawakuwahi.

"Tuanze kwa kushoto," alisema fundi friji, kidole juu ya ramani. "Ghuba inakuwa karibu. Siku ya pili tumefika."

"Kushoto upepo unatujia usoni," alisema dada yake. "Tutakwenda bisho siku nzima, mara huku mara kule, kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake."

"Kulia ni mbali."

"Kulia ni mbali lakini kunafika."

"Wewe kila kitu unakipeleka kama gari la wanafunzi."

"Na hakuna mwanafunzi wangu aliyegonga mtu. Wewe pikipiki yako iko wapi?"

Mama aliweka kisu chini. "Tunaanza kulia," alisema. "Nataka kwanza nikione kisiwa chote. Nikifika kwetu niseme kwa haki kwamba ndiko kuzuri."

Ikawa kulia.

Tatizo lililobaki lilikuwa mwamba. Mdomo wa ghuba ulifungwa na mwamba ambao boti ingeupita maji yakiwa yamejaa tu. Wakichelewa kuingia, hawaingii, na wakichelewa kutoka watakaa juu ya mwamba kama kuku anayeatamia. Kitabu cha nyakati za maji kiliorodhesha kila kijiji cha pwani isipokuwa ghuba hiyo. Kwa hiyo walitegemea miguu ya mama. Jioni na alasiri walimwekea kiti, wakatazama vigae, wakalinganisha na bandarini. Mama alikaa kwenye kiti hicho kama mtu aliyepewa cheo. Jirani akibisha hodi aliambiwa asubiri, mama anapimwa.

Usiku hakukushonwa kitu. Mchana ndipo mama alipotengeneza tanga. La zamani lilikuwa limechakaa, akaliongezea mabaki ya vitambaa vya sare alivyokuwa amehifadhi, ya bluu, ya kijivu, ya damu ya mzee, kila kipande kimepigwa mshono maradufu. Fundi friji alipolipandisha kulijaribu, watu wa ufukweni walitambua rangi za shule walizosoma wakaanza kubishana nani alifeli wapi. Mama alisimama chini ya mlingoti, mikono kiunoni, akitazama mishono yake ikivutwa na upepo. Hakuna uliofumuka.

Siku moja kabla ya kuondoka binti alikwenda kuaga ofisi ya bandari, kama inavyotakiwa. Afisa alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani, mpole.

"Usiku wa kwanza?" aliuliza.

"Kwenye rasi ya mnara."

"Wa pili?"

"Kijiji cha wachoma chokaa."

"Siku ya tatu?"

"Ghuba ya nyuma."

Afisa aliinua kalamu. "Huko hakuna ghuba ya kushukia. Hata kwenye kitabu cha maji haimo. Mtajuaje wakati?"

"Kwa miguu ya mama."

"Aa. Nimemsikia." Afisa alisafisha miwani kwa ncha ya shati. "Bibi yangu naye, kila akikohoa, ulikuwa unamtoka moshi wa majiko ya huko. Ulikuwa unanukia samaki wa kuchoma. Nyumba nzima tunapata njaa."

"Basi ghuba unaijua."

"Bibi yangu namjua. Ghuba siijui, niko kazini." Akaandika: safari ya matembezi. "Mwendeshaji chombo?"

"Mimi."

"Nitaandika ukirudi. Nendeni salama. Na mama umpe shikamoo yangu."

Waliondoka asubuhi, mama ameketi tezi, nyuma kabisa ya boti, na mto mgongoni. Upepo uliwachukua kama ilivyopangwa. Kila maji yalipojaa ghubani, yalijaa pia miguuni mwa mama humo humo botini, na fundi friji alishika kopo akachota. Boti iliyobeba bahari ndani na nje inahitaji mtu asiyelalamika, na yeye alilalamika tangu rasi ya mnara hadi kwa wachoma chokaa. Mama alitazama kila ufuko waliopita. "Hapa pazuri," alisema. "Na hapa pazuri."

Siku ya tatu, jua likiwa limepanda, maji yalianza kuvipanda vifundo vyake.

"Yanakaribia," alisema mwenyewe.

Binti alielekeza omo ya boti kwenye mdomo wa ghuba. Mwamba ulipita chini yao, mweusi, karibu kiasi cha kuona kila pango lake. Boti haikugusa kitu. Fundi friji alisahau kulalamika.

Kizingiti kilikuwepo. Nyumba haikuwepo, lakini kizingiti, jiwe refu lililolika katikati, kilikuwa kimeachwa na kuwekewa vyungu vya maua. Bahari ilikuwa imekilamba tayari. Mama alishuka taratibu, mkoba begani, akishikwa mkono huku na huku, akatembea majini, akasimama juu ya jiwe.

Mlinzi wa ufukweni alikuja mbio akishikilia kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani mama, hapa haparuhusiwi."

"Niko majini."

Mlinzi alitazama. Ilikuwa kweli. Akasimama kando, akisubiri maji yapwe, kwa kuwa maji hupwa.

Yalipwa. Bahari ilirudi nyuma hatua kwa hatua, ikaacha mchanga uliolowa, vyungu, kingo za jiwe. Ila yale yaliyozunguka miguu ya mama hayakwenda. Yalibaki kifundoni. Mama alishuka kizingitini kwa upande wa ndani, akaanza kutembea kuelekea nchi kavu, na maji yakatembea naye.

"Mama, tafadhali toka sasa," alisema mlinzi akimfuata.

"Niko majini, mwanangu."

Mlinzi aliinama, akachovya kidole, akaonja. Kisha akawasha redio ya mkononi. "Mkuu, hapa kuna bahari inapita bustanini."

"Ya nani?" iliuliza redio.

"Ya mama mmoja."

Redio ilikoroma kidogo. "Bahari ni ya wote. Isiguswe. Hakikisha tu haikai."

Kwa hiyo mlinzi alimsindikiza. Walipita kwenye bwawa la kuogelea, na mama akamweleza kwamba hapo ndipo palipokuwa kisima. Walipita kati ya vitanda vya jua, na wageni waliokuwa wamelala wakavuta taulo zao zisilowe. Mama aliamkia upande wa kulia, akaamkia upande wa kushoto, akitaja kila mlango uliokuwa hapo: wa mkunga, wa mapacha, wa yule bwana aliyeazima vitu asirudishe. Alitembea wima. Magoti yaliyomsumbua mjini siku hiyo hayakusema neno.

Mbele ya jengo kubwa palikuwa na maegesho ya magari, lami nyeusi yenye mistari myeupe. Mama alihesabu kwa macho kutoka kwenye mteremko wa kilima, akasimama kati ya mistari miwili.

"Shikamoo mama," alisema, akitazama chini.

"Marahaba," sauti ilijibu kutoka chini ya lami. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, kwa sababu alikufa kijana. "Umekuja na nani?"

"Na wajukuu zako. Wako kwenye boti, wanaangalia mwamba."

"Nani nahodha?"

"Yule mkubwa. Wa kike."

Chini ya lami kukasikika mchakacho, kama wa mtu anayejiweka sawa kitandani.

"Amepita mwamba bila kugusa?"

"Bila kugusa."

"Vizuri," sauti ilisema. "Vizuri sana. Mwambie nimesikia."

Gari moja lilikuja likitaka kuegesha hapo. Mlinzi alivua kofia, akalielekeza mahali pengine kwa hiyo kofia.

Ndipo firimbi ya fundi friji ikasikika kutoka ghubani. Mlinzi alimbebea mama mkoba mpaka ufukweni.

"Mama," alisema, "jioni lazima nitoe taarifa. Na hapa, kama unavyojua, hapajawahi kukaa mtu."

"Andika ulivyoagizwa. Sikuja kukuharibia kazi."

"Na ukirudi?"

"Bamvua haliombi likizo, mwanangu."

Walitoka, na safari hii mkuku chini ya boti uliukwaruza mwamba mara moja, kidogo, kiasi cha kuwakumbusha. Mwaka huohuo wenye gati walijenga ukuta mbele ya kizingiti, upande wa baharini kupita pale maji yalipofika, wakakihamishia kile kibao juu yake na kukipaka rangi mpya. Lakini hayo yalikuwa bado. Siku ile bahari ilikuwa imetulia, na tanga la sare lilikuwa limejaa upepo toka chini hadi juu.

Mama alimfikishia binti salamu. Binti aliongeza kunyoosha mgongo, akatazama mbele, na fundi friji akajifanya anachota maji.

Siku ya nne waliingia bandarini kwa tanga, bila kuwasha injini, mbele ya watu wote. Afisa alikuwa gatini na karatasi zake.

"Mmeshuka wapi?"

"Rasi ya mnara, kwa wachoma chokaa, na ghuba ya nyuma," alisema binti.

Afisa aliandika mawili ya kwanza. Mbele ya siku ya tatu akaandika: hawakushuka popote. Aliwaonyesha, ili wasije wakadhani amefanya kwa siri. Mama aliyasoma maneno hayo mara mbili, akamrudishia karatasi.

"Mwendeshaji chombo bado hujamwandika," alisema.

"Kweli, mama. Jina?"

Binti alitaja jina lake, la baba yake na la babu yake.

"Ongeza," alisema mama. Akataja jina lake mwenyewe. Kisha, polepole, herufi kwa herufi, asije akakosea, akataja la mama yake.

Nafasi iliyoachwa haikutosha. Afisa aliligeuza jina pembeni mwa karatasi, likapanda juu, likaizunguka kona, naye akaendelea kuandika kwa mwandiko mzuri mpaka likaisha.