Namba Tano Iende Wapi

Mwalimu wa hesabu alidhani mchezo ungewapatanisha. Dada yake, mshonaji, na shemeji yake, fundi umeme, walikuwa hawasemezani tangu Jumapili. Walipishana sebuleni kama wapangaji. Basi akawaketisha mezani, akamwaga dadu, akawaeleza: kila mmoja ataingia kwenye hadithi akiwa mtu mwingine, na mtu huyo hupewa namba za dadu za kupima nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto.

"Ila leo namba zako anazipanga mwenzako," akasema, akijichekesha mwenyewe.

Mshonaji akarusha dadu tatu mara sita, akijumlisha kila mara. Namba yake kubwa ilikuwa kumi na saba, ndogo kabisa tano. Alitaka kuwa mchawi, na mchawi asiye na akili hawezi hata kumroga panzi. Akamsogezea mumewe karatasi bila kumtazama.

Mume akaandika kumi na saba kwenye nguvu.

"Hakuna anayekufikia," akasema, kama mtu anayetoa zawadi.

Mshonaji alihisi damu ikimpanda kichwani. Asubuhi ile alikuwa amemnyanyua mama mkwe kitandani, akamwogesha, akambadilishia shuka, akamrudisha, mgongo ukimuuma. Na mwana wa mama huyo alikuwa amekubali kazi ya mgodini, miaka miwili, akamwarifu mkewe Jumapili kama anayetangaza hali ya hewa.

"Futa."

"Nimekusifu, mke wangu."

"Hata punda husifiwa nguvu, kisha akaongezewa gunia. Hiyo tano iweke hapo."

"Jamani, ni mchezo tu," mwalimu akaingilia.

"Wewe tulia!" dada yake akamkatiza.

Mume akachukua kifutio. Kisha akafuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

"Mama anakulemea?" akauliza, macho yakiwa mezani.

"Mama hanilemei. Kinachonilemea ni kuachiwa bila kuulizwa."

"Ningekuuliza, ungekataa."

"Ndiyo maana watu huuliza."

Kutoka chumbani wakasikia mama akikohoa, na wote watatu wakazuia pumzi mpaka akatulia.

"Haya, nakuuliza," mume akasema.

"Miaka miwili, hapana. Miezi sita, na wifi aje tusaidiane. Vinginevyo usiende."

"Dada yangu hawezi kukubali."

"Umemwuliza?"

Mume akainuka, akatoka na simu barazani, akaurudishia mlango. Mshonaji alibaki amekunja vidole. Sauti ya mumewe ilipanda, ikashuka, ikapotea kabisa. Mwalimu alipanga dadu mstari, akazipangua.

Mlango ukafunguliwa.

"Anakuja Jumamosi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Amenigombeza. Anasema mwaka mzima anasubiri tumwite, akadhani hatumtaki."

Mshonaji akataka kucheka, machozi yakamtangulia. Mumewe akavuta kiti, akakaa upande wa mkewe.