Mabati ya Anatolia

Malipo ya pili ya kahawa ya mwaka 1954 yalitolewa siku ya Jumanne, na Anatolia alifika ofisi ya chama cha wakulima pale Muleba kabla umande haujakauka. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Huu ulikuwa msimu wa tatu tangu mume wake, Ishengoma, afariki, na msimu wa kwanza ambao yeye mwenyewe alichuma, akaanika na kupeleka kwenye mizani kila gunia bila msaada wa shemeji.

Jina lake lilipoitwa alisogea mezani. Karani, Nathanieli, aliangalia daftari, akaangalia karatasi nyingine iliyobanwa humo, kisha akashusha sauti.

"Mama, fedha zako zipo. Shilingi mia moja themanini na sita. Lakini siwezi kukupa."

"Kwa nini?"

"Imekuja barua kutoka duka la marehemu Omary Saburi, kule Bakoba, mjini Bukoba. Inasema ulikopa mabati ishirini na manne na misumari, na bado unadaiwa shilingi mia moja arobaini na nane. Wanaomba tuzuie malipo yako."

Anatolia alidhani amesikia vibaya. Akaomba barua, akaisoma mwenyewe, kwa maana masista walimfundisha kusoma na kuandika kabla hajaolewa. Jina lilikuwa lake: Anatolia Ishengoma, wa Muleba. Chini ilikuwa imeandikwa kwa niaba ya Bi Sada binti Mustapha, mjane wa Omary.

"Nathanieli," alisema, "ulikuja kwangu wakati wa msiba. Ulikaa chini ya bati au chini ya nyasi?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nathanieli hakucheka.

"Nyasi, mama. Najua. Lakini karatasi imekwisha kuingia kwenye ukurasa wako, nami nikiitupa nitaulizwa. Niletee neno la mwenye duka kwamba hudaiwi, nitaifuta siku hiyo hiyo."

Aliondoka bila kupokea hata senti, na kabla hajafika nyumbani habari zilikuwa zimemtangulia. Shemeji yake, Privatus, alimkuta jikoni akimenya ndizi. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yaende anavyotaka yeye. Anatolia hakuzaa mtoto wa kiume, na ukoo ulikuwa umemwacha akae kwenye kibanja, shamba la migomba na kahawa la mumewe, maadamu anakitunza vizuri.

"Shemeji, kama ulichukua vitu dukani, sema," Privatus alianza. "Tunaweza kuuza ile sehemu ya bondeni tukamaliza aibu hii."

"Sikuchukua hata msumari."

"Basi jina lako limefikaje kwenye kitabu cha mtu wa Bukoba?"

"Hilo ndilo naenda kuliuliza. Nipe wiki moja kabla hujauza kitu cha ndugu yako."

Privatus akakuna kidevu, akakubali. Alipotoka, Anatolia alirudi kumenya ndizi zake. Kilichomuuma si fedha peke yake. Maisha yake yote hakuwahi kukopa hata chumvi kwa jirani bila kuirudisha, na sasa foleni nzima ilikuwa imesikia anadaiwa.

Siku mbili baadaye alipanda lori lililopeleka kahawa Bukoba, akiwa na mkungu wa ndizi na barua kifuani. Duka halikumpa shida kulipata. Lilikuwa na mlango mpana wa mbao, kanga chache zimetundikwa, na rafu nyingi zilizobaki wazi. Nyuma ya meza aliketi mwanamke wa umri wake, mwembamba, amejifunga mtandio mweusi.

"Hodi. Namtafuta Bi Sada."

"Karibu. Ndiye mimi."

"Mimi ndiye Anatolia wa Muleba unayemdai mabati. Pole kwa msiba, dada. Lakini mimi na wewe hatujawahi kuonana, na mume wako sikuwahi kumwona."

Sada alimtazama, kisha akautazama mkungu wa ndizi.

"Mdaiwa gani anakuja na zawadi?" aliuliza.

"Asiyedaiwa."

Sada akatabasamu kidogo, akavuta kigoda, akamkaribisha aketi. Alieleza mambo yake bila kuficha. Mumewe alianguka ghafla mwanzoni mwa mwaka. Alipotoka eda, miezi minne na siku kumi, alikuta mfanyabiashara wa jumla anamsubiri na madai yake, na rafu zimekauka. Hakuwa na njia ila kukusanya alichokuwa anadai marehemu. Akamwita mwandishi wa barua wa pale sokoni, akamsomea majina na hesabu kutoka kwenye kitabu, naye akaandika barua kumi na moja.

"Basi naomba tukione hicho kitabu," Anatolia alisema.

Sada akakitoa chini ya meza, kikubwa, kimevalishwa kitambaa. Anatolia alipokifungua alishindwa kusoma hata neno moja. Kilikuwa Kiswahili, lakini Omary alikiandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Akatoa barua yake, akamwonyesha Sada. Sada naye akatikisa kichwa.

"Mimi nilisoma chuo cha Kurani. Hizi za Kizungu sizijui."

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa ameshika karatasi ambayo mwenzake tu ndiye angeweza kuisoma.

"Nisomee kila neno lililo kwenye mstari wangu," Anatolia alisema. "Usiruke kitu. Mimi nitakusomea barua."

Akaanza Anatolia. Alisoma polepole, na alipotamka "wa Muleba" Sada akainua mkono.

"Sikumtajia Muleba. Humu hakuna Muleba."

"Mwandishi ni mtu wa wapi?"

Sada akafikiri. "Wa huko kwenu. Alisema, huyu namjua."

Kisha Sada akavuta kitabu, akaweka kidole chini ya mstari. Mwanzoni alisoma kama mtu anayehesabu, lakini sauti ikaanza kubadilika.

"Anatolia binti Ishengoma. Mabati ishirini na manne, misumari, jumla mia mbili arobaini na nane. Ametoa mia. Fundi cherehani wa Kitendaguro, ana pengo juu, anaongea sana. Anamwezekea baba yake nyumba. Usimsumbue, atalipa."

Alifungua ukurasa mwingine, akasoma kimoyomoyo, kisha mwingine, na machozi yakamtoka huku anacheka.

"Kila mtu amemwandika hivi! Sikiliza huyu: 'Mguu mmoja unachechemea, mkweli, lakini usimpe sukari kabla ya mavuno.' Mimi nilikuwa nasoma hesabu tu. Miezi yote hii, kumbe alikuwa anaongea humu ndani."

Anatolia alimwacha alie mpaka amalize. Naye alikuwa anajua jinsi inavyokuwa, kukutana na mume wako ndani ya kitu ulichodhani ni chombo tu.

"Mimi Ishengoma alikuwa mume wangu," alisema hatimaye. "Baba yangu aliitwa Ildefons. Na mimi mabinti ninao, ila wote wameolewa mbali na hakuna anayeitwa Anatolia."

Sada akageuza kitabu na kumwonyesha alama ya wino iliyokuwa kando ya mstari. "Na huyu aliweka dole gumba. Wewe unaandika jina lako."

"Tangu nikiwa mtoto."

Sada alifunga mlango wa duka, wakapanda kilima pamoja kwenda Kitendaguro. Njiani waliuliza mara mbili tu. Mwanamke wa kwanza alicheka, akasema, "Yule anayeongea?" akawaelekeza.

Binti Ishengoma alikuwa barazani na cherehani yake, kipande cha kaniki mdomoni. Alipomwona Sada alisimama upesi mpaka kiti kikaanguka.

"Bi Sada! Waitu, ndugu yangu, nisamehe! Nilikuja mara mbili mwaka huu. Mara ya kwanza nikaambiwa kuna msiba, mara ya pili nikaambiwa uko eda. Nikasema, nitaendaje kumhesabia fedha mtu anayelia? Nikaogopa pia kumpa mtu mwingine. Baba ananiuliza kila Jumapili, umelipa? Namwambia bado, baba, na mvua ikinyesha anasema hawezi kulala vizuri chini ya bati la watu."

Alisema yote hayo kabla hawajakaa. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua kwenye meza ya cherehani. Zilikuwa shilingi mia moja na thelathini. Kumi na nane zilizobaki aliahidi kuzileta Jumamosi, na Sada akasema Jumamosi inatosha.

"Na huyu dada ni nani?" binti Ishengoma aliuliza.

"Huyu ndiye aliyezuiliwa kahawa yake kwa ajili ya mabati yako," Sada alijibu.

Fundi akashika mdomo. Halafu akachukua utepe, akampima Anatolia mabega na kiuno bila hata kuomba ruhusa, akisema gauni jipya halitamgharimu kitu na asijaribu kubisha. Anatolia hakubisha.

Walirudi dukani, wakaandika barua ya kupeleka chamani. Anatolia aliandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili cha wazi, kwamba Anatolia mjane wa Ishengoma wa Muleba hadaiwi chochote na duka hili, na kwamba barua ya kwanza ilikosea mtu. Alimsomea Sada mara mbili. Kisha Sada akachukua kalamu, akatia sahihi yake kwa herufi zake mwenyewe, kutoka kulia, na kugonga muhuri wa duka.

"Zile barua nyingine kumi," Sada alisema akikausha wino, "nazo sijui zimekwenda kwa nani."

"Basi tuzisome."

Anatolia alilala kwa Sada siku nne. Sada alisoma kitabu, yeye akaandika upya kwenye daftari jipya, kila jina na baba yake, kijiji chake na yale maneno yote ya Omary, pengo na mguu na sukari. Walikuta barua nyingine mbili zilizokwenda kwa watu wasiohusika, wakaandika za kuomba radhi. Jioni walikula ndizi za Muleba kwa samaki wa ziwani, wakaambiana habari za waume zao mpaka mbavu zikauma.

Jumatano iliyofuata Nathanieli aliisoma barua, akaangalia muhuri, akaangalia ile sahihi ya ajabu, kisha akachukua rula na kupiga mstari mwekundu juu ya maneno ya zuio. Akaandika tarehe. Privatus alikuwa amesimama nyuma na watu wengine wengi, na Nathanieli alisema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni:

"Mama huyu hadaiwi na mtu."

Akamhesabia fedha zake. Anatolia akazifunga kwenye leso, lakini hakuondoka.

"Naomba nisome ukurasa wangu," alisema.

"Umeshafutwa, mama."

"Nimeona. Nataka kuusoma wote, nijue nimeandikwaje humu."

Nathanieli akamgeuzia daftari. Anatolia akainama, akasoma tangu mstari wa juu, tarehe, kilo, mizani, malipo ya kwanza, gunia kwa gunia. Nyuma yake foleni ikaanza kunung'unika. Aliendelea kusoma bila haraka, akifuata kila mstari kwa kidole.