Kumi na Mbili Hadi Nane

Fundi rangi waliyemwita Tani alikuwa na mwaka mzima hajapanda ngazi. Ngazi ya kazini ilikuwa na kibandiko: mwisho kilo mia. Yeye alikuwa na mia na kumi na mbili, na bosi wake si mtu wa kubembelezwa. Basi yule bingwa wa kunyoosha mstari wa dari kwa jicho tupu akabaki chini kukoroga rangi, akiwatazama wenzake wakiupinda. Ilimuuma vibaya.

Daktari alimpima presha, akakunja uso, akamwandikia kikaratasi: "Kula 12–8. Nje ya hapo, maji tu."

Tani akakibandika jikoni. Alfajiri, saa kumi na mbili kamili, yuko mezani. Saa nane mchana kinywa kimefungwa kama kopo la rangi.

Balaa lilikuwa jioni. Familia inakula, yeye kakumbatia gilasi ya maji, tumbo linanguruma mpaka wanawe wanaangua kicheko.

"Baba watoto, onja kidogo tu," mkewe alimwambia.

"Usinitie majaribuni, mke wangu. Nina miadi na dari."

Wiki tatu za kwanza alizipiga kwa hasira tu. Kisha mwili ukazoea. Magoti yakaacha kulalamika, na kukoroma kukapungua hata mkewe, aliyekuwa amekimbilia chumba cha watoto, akarudi kulala naye.

Baada ya miezi sita, mzani wa daktari ukasoma tisini na nane. Presha nayo ilikuwa imeshuka.

"Hongera. Na usiku, ikifika saa mbili unaacha kula?"

"Usiku gani, daktari? Mimi saa nane mchana nimeshamaliza."

Daktari akaduwaa. "Nilimaanisha saa sita mchana mpaka saa mbili usiku. Niliandika kwa saa ya simu."

Tani aliwakumbuka wanawe na zile jioni zote za maji, akataka kukasirika, akajikuta anacheka mpaka kiti kinatikisika.

"Hujaharibu kitu," daktari alisema. "Muda ni uleule, jumla ya saa nane. Ukitaka, anza kula jioni na familia."

Kesho yake bosi alisoma karatasi ya daktari yenye uzito mpya mara mbili, akaishika ngazi mwenyewe. Tani akapanda, brashi mkononi, akauvuta mstari kutoka kona hadi kona, umenyooka.

"Tani umerudi," bosi akasema.

"Tani ni kilo elfu, bosi. Mimi ni tisini na nane. Na leo nawahi nyumbani, nakula na wanangu."