Sauti Iliyobaki kwa Fundi Umeme

Ukitazama vizuri, mshono ulipita katikati ya paji la uso wa shemeji. Mshono huo ni wangu: mashuka mawili meupe niliyoyaunganisha kwa cherehani, yakatundikwa ukutani katika karakana ya seremala, madirisha yakazibwa kwa magunia ili mchana ugeuke giza. Kila Jumamosi mtaa mzima ulikuja pale na viti vyake kutazama filamu za watu wengine. Siku hiyo tulikuja kujitazama wenyewe, katika filamu ambayo kikundi chetu cha mtaa kilikuwa kimeipiga.

Shemeji yangu, fundi mwashi, aliigiza baba anayemfungulia mlango binti yake ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumfukuza. Mimi nilikuwa jirani mmbea, nafasi ambayo watu walisema sihitaji mazoezi. Fundi umeme alishika kinasa sauti, hedifoni masikioni, akitunyamazisha kama mwalimu mkuu. Alisikia kila neno. Ila kile kitufe chekundu cha kurekodi hakukibonyeza siku nzima ya kupiga picha.

Tuligundua baadaye, shemeji akiwa ameshazikwa. Wengine wakataka filamu itupwe, wengine wakamnunia fundi umeme, na kikundi kikaanza kulegea. Yaliyomwagika hayazoleki. Mimi nilimfikiria dada yangu, mjane wake, aliyeniambia huku akikunja mashati ya marehemu: "Picha zake ninazo. Nataka kumsikia tu. Hata mara moja."

Ilibidi nimwambie. Niliona uchungu hata kabla sijafungua mdomo.

"Dada, sauti haipo."

Akaendelea kukunja. "Midomo yake ipo?"

"Ipo."

"Basi nitakuja."

Seremala ndiye aliyetoa wazo: kila mwigizaji aseme maneno yake mwenyewe pale alipoketi, picha ikipita. Weee! Huyu alitangulia, yule alichelewa, binti akakohoa katikati ya machozi yake. Watu walicheka hadi viti vikalia. Kisha mlango ukafunguka kwenye shuka, shemeji akatokea, na kicheko kikakatika. Tulikuwa tumekubaliana sehemu yake ipite kimya.

"Umerudi," ikasema sauti kutoka nyuma. "Mlango sikuufunga kwa ufunguo."

Alikuwa dada. Maneno aliyajua, maana ndiye aliyemfanyisha mazoezi jikoni, yeye akiosha vyombo, mumewe akikosea na kurudia. Aliyasema yote taratibu, hakupitwa hata na moja. Lakini alipofika mwisho, midomo ya shemeji iliendelea kusema.

"Hapo sijui," dada akasema kwa sauti ndogo. "Hayo hatukuyasoma."

Seremala akaisimamisha picha. Fundi umeme, aliyekuwa amejibanza nyuma ya rundo la mbao, akainuka. Tangu siku tulipogundua kosa lake, kila alipomwona dada kwa mbali alibadili njia.

"Aliongeza mwenyewe, dada," alisema. "Nilimsikia. Alisema, 'Ingia upesi, kabla mama yako hajaona nimelia. Atanicheka mpaka uzeeni.'"

Dada akacheka. Kicheko chake kile cha zamani, cha kujipiga paja, ambacho sikuwa nimekisikia tangu mazishi.

"Ningemcheka kweli," akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Hebu rudia."

Fundi umeme akarudia. Seremala akaiachia picha iendelee. Kwenye shuka jirani mmbea, yaani mimi, alikuwa ameshaanza kuchungulia, mdomo wazi, lakini sikumsemea neno, maneno ya shemeji yasije yakafunikwa.